Kuishi na Sindano za Insulini Nyanda za Juu Kusini: Mwongozo wa Kutuliza Sukari Inayopanda na Kushuka

Mtu mwenye kisukari anayetumia insulini Mbeya, Iringa au Njombe hufundishwa kliniki kuchoma sindano, kupima sukari na kupunguza vitu vitamu. Hayo ni ya lazima, lakini hayatoshi kueleza kwa nini mtu yule yule, kwa dozi ile ile, anaamka na sukari 6 siku ya Jumatatu, anaamka na 15 siku ya Jumanne, na Jumatano mchana anatetemeka shambani akiwa na 2.9. Mwongozo huu unahusu yumbayumba hiyo: inatoka wapi, inasomwaje, na inatulizwa kwa hatua gani katika mazingira ya huku kwetu, ambako kuna baridi, kazi za jembe, safari ndefu na vyakula vyenye wanga mwingi.

Kwa maoni yangu, madhara makubwa hayaletwi na namba moja mbaya bali na pupa ya kuirekebisha. Sukari ikishuka mtu anakunywa soda nzima na kumalizia na sahani ya ugali. Saa 2 baadaye mashine inasoma 18, anaongeza sindano kwa hofu, na usiku inashuka tena. Kwa hiyo hatua zote zilizo hapa chini zinalenga kwanza kuifahamu siku yako ilivyo, kisha kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja, kwa kushauriana na anayekutibu. Kiasi cha dozi hakipangwi na maandishi kama haya. Kinapangwa na kliniki inayokujua.

Vipimo vyote humu ni vya milimoli kwa lita. Ikiwa mashine yako inasoma kwa miligramu, yaani namba kama 126 au 250, gawanya kwa 18.

Hatua ya kwanza: Zijue saa za insulini yako

Wagonjwa wengi wanajua idadi ya uniti zao lakini hawajui saa ambazo insulini hiyo inafanya kazi kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo matatizo mengi yanapojificha. Insulini ya muda mfupi ya kawaida, ambayo ni angavu kama maji, huanza kazi baada ya takribani nusu saa, hufikia kilele kati ya saa 2 na 4 baada ya sindano, na huisha baada ya saa 6 hadi 8. Ile ya muda wa kati, yenye rangi ya maziwa, huanza baada ya saa 1 hadi 2, hufikia kilele kati ya saa 4 na 10, na huweza kuendelea hata saa 18. Insulini ya mchanganyiko wa 30/70, ambayo watu wengi wanaijua kwa jina la Mixtard, ni hizo mbili ndani ya chupa moja: asilimia 30 ya muda mfupi na asilimia 70 ya muda wa kati. Wapo pia wanaotumia insulini mpya za muda mrefu kama glajini, ambazo hukaribia siku nzima bila kilele kikali. Hao wana mpangilio tofauti na watauliza kliniki yao.

Sasa chukua mfano wa mtu anayechoma mchanganyiko saa 1 asubuhi. Sehemu ya muda mfupi itakuwa kileleni kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, kwa hiyo inafunika kifungua kinywa. Sehemu ya maziwa itakuwa kileleni kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 11 jioni, na hiyo inakisubiri chakula cha mchana. Mtu huyo akienda shambani na kurudi kula saa 9 alasiri, insulini imeshafika mezani saa nyingi kabla ya chakula. Hivyo hivyo, sindano ya saa 12 na nusu jioni itakuwa na kilele chake cha pili kuanzia saa 4 na nusu usiku hadi karibu na alfajiri, wakati nyumba nzima imelala.

Chukua karatasi, uandike saa za sindano zako na saa za vilele vyake, kisha uibandike mahali ambapo wewe na watu wa nyumbani mnaiona. Karatasi hiyo itatumika katika hatua nyingine zote.

Hatua ya pili: Itunze insulini dhidi ya baridi na joto

Chupa ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Chupa inayotumika inaweza kukaa nje ya friji kwa takribani wiki 4, mradi joto lisizidi nyuzi 25 hadi 30, kadiri karatasi ya dawa inavyoelekeza. Andika tarehe ya kuifungua kwenye lebo. Watu wa Njombe, Mufindi na Makete wasihangaike kutafuta friji ya jirani kwa ajili ya chupa wanayoitumia kila siku, kwa sababu chumba chenye kivuli kinatosha. Hatari yao ni nyingine: insulini iliyoganda imeharibika, hata kama baadaye imeyeyuka na kuonekana nzima. Katika miezi ya Juni na Julai, kwenye maeneo ambayo umande huganda majanini, usiache dawa dirishani, kwenye banda la nje wala ndani ya gari usiku. Kwenye friji, iweke mbali na sehemu ya barafu na ukuta wa nyuma.

Anayeshuka kwenda Kyela, au kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu, anaingia kwenye joto ambalo chupa yake haijazoea. Huko chungu cha udongo kinasaidia: weka chungu kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga uliolowa katikati, funika kwa kitambaa chenye unyevu, na uweke kivulini penye upepo. Dawa iwe ndani ya mfuko mkavu, isiguse maji. Ndani ya basi dawa isiwekwe kwenye buti wala juu ya dashibodi. Ikae kwenye mkoba wako wa mkononi.

Insulini ya muda mfupi ikiwa na ukungu, au ile ya maziwa ikiwa na vibonge ambavyo havichanganyiki hata baada ya kuizungusha, itupe. Ukiona sukari imepanda kwa siku kadhaa bila sababu nyingine, fungua chupa mpya kabla ya kufikiria kuongeza dozi.

Hatua ya tatu: Choma kwa namna ile ile kila siku

Insulini ya maziwa au ya mchanganyiko izungushwe taratibu kati ya viganja mara 10 hadi 20 mpaka iwe na rangi moja, bila kutikiswa kwa nguvu. Mtu asiyefanya hivyo anajipa dozi ya maji leo na dozi nzito kesho, kisha anashangaa. Anayechanganya aina mbili kwenye bomba moja avute kwanza ile angavu, ndipo avute ya maziwa. Hakikisha bomba lako ni la uniti 100 kwa mililita kama chupa ilivyoandikwa, kwa kuwa bomba la kipimo kingine litakupa dozi ya uongo. Insulini ya kawaida ya muda mfupi na ya mchanganyiko huchomwa takribani nusu saa kabla ya kula.

Mahali pa kuchoma pana uzito wake. Tumbo hunyonya insulini haraka kuliko paja, na paja linalofanya kazi hunyonya haraka kuliko lililotulia, kwa hiyo anayechoma pajani kisha akapanda mlima kwa miguu amebadili kasi ya dawa bila kujua. Kuoga maji ya moto mara baada ya sindano kuna matokeo kama hayo. Chagua eneo moja kwa asubuhi na eneo jingine kwa jioni, ulibakize hivyo kila siku, lakini ndani ya eneo hilo sogea upana wa kidole kila unapochoma. Papasa ngozi yako mara moja kwa wiki. Ukikuta uvimbe laini au mgumu, acha kuchoma hapo kwa miezi kadhaa, hata kama hapaumi. Uvimbe huo hunyonya dawa kwa kubahatisha, na ni mojawapo ya sababu za yumbayumba zinazosahaulika sana. Unapohamia kwenye ngozi nzima dozi ile ile inaweza kuwa na nguvu zaidi, hivyo pima mara nyingi zaidi wiki hiyo na uwaeleze kliniki.

Sindano ni ya kutumika mara moja. Ninajua kwamba vijijini watu huirudia kwa sababu ya gharama. Kama hali inakulazimisha, isiwe ya kuazimana na mtu yeyote, hata mwanao, na isitumike ikiwa imepinda au imeanza kuuma. Zilizotumika ziwekwe kwenye kopo gumu lenye mfuniko na kurudishwa kituo cha afya.

Hatua ya nne: Pima kwa mpango, hasa kama stripu ni chache

Stripu, yaani vipande vya kupimia damu kwenye mashine, ni ghali, na wengi hupima asubuhi tu kila siku, jambo ambalo huwaonyesha kona moja ya siku na kuwaficha nyingine zote. Mwenye stripu 2 kwa siku anaweza kuzitumia kwa jozi: leo kabla ya kifungua kinywa na saa 2 baada yake, kesho kabla na baada ya chakula cha mchana, keshokutwa kabla na baada ya chakula cha usiku, na siku ya nne wakati wa kulala na saa 9 usiku. Baada ya wiki 2 utakuwa na picha ya siku nzima. Weka akiba ya stripu kwa ajili ya dalili zisizoeleweka. Usizimalize zote kwenye ratiba.

Osha mikono kwa sabuni na uikaushe kabla ya kupima, kwa sababu mtu aliyetoka kumenya chungwa au embe anaweza kusoma 14 iliyoko kwenye kidole na si kwenye damu. Wakati wa baridi maji ya uvuguvugu hukusaidia pia kupata tone bila kulikamua. Mashine yenyewe ikiwa ya baridi sana hutoa alama ya hitilafu; iweke mfukoni kwa dakika chache. Kopo la stripu lifungwe mara tu unapotoa moja, hasa masika na wakati wa ukungu, kwa kuwa unyevu huziharibu.

Daftari liwe na sehemu za saa, sukari, uniti, chakula, na kazi au ugonjwa. Chagua mfumo mmoja wa saa na uufuate, kwa maana mashine nyingi huandika saa 13 pale ambapo wewe unaandika saa 7 mchana, na mganga anayesoma haraka atachanganya mambo. Kwa watu wazima wengi lengo ni 4 hadi 7 kabla ya kula na chini ya 10 saa 2 baada ya kula. Wazee, watoto, wajawazito na wanaoshuka mara kwa mara hupangiwa malengo yao. Kipimo cha wastani wa miezi mitatu hakionyeshi yumbayumba, kwa kuwa mtu wa 3 na 17 anaweza kuwa na wastani wa 10, sawa na mtu aliyetulia kwenye 10. Kipimo hicho kinaweza pia kudanganya kwa mwenye upungufu mkubwa wa damu au selimundu.

Soma daftari kwa kutafuta mwelekeo. Namba moja ya ajabu haina maana mpaka ijirudie katika saa ile ile kwa siku mbili au tatu. Isipokuwa kushuka, ambako hata mara moja kunastahili kutafutiwa sababu.

Hatua ya tano: Pima wanga, usiogope chakula

Ugali, viazi mviringo, ndizi za Rungwe, wali wa Kyela, chapati na makande vyote hugeuka sukari mwilini, na hakuna hata kimoja ambacho ni haramu. Kinachoyumbisha ni kiasi kubadilika. Mtu anayekula bonge la ngumi moja leo na la ngumi tatu kesho, kwa uniti zile zile, hawezi kupata sukari iliyotulia kwa dawa yoyote. Kipande kimoja cha mkate kina takribani gramu 15 za wanga. Kiazi cha kuchemsha chenye ukubwa wa yai kina karibu gramu 12. Soda ya mililita 300 ina zaidi ya gramu 30. Tumia bakuli moja na kijiko kimoja kujipakulia nyumbani kwa mwezi mzima, na utashangaa daftari linavyotulia kabla hujagusa dozi.

Katika sahani, nusu iwe mboga kama chainizi, mnafu, figiri au kabichi, robo iwe wanga, na robo iwe maharage, njegere, samaki, mayai au nyama. Maharage yana wanga wake, lakini huingia taratibu. Parachichi, ambalo huku linapatikana kwa wingi, lina wanga kidogo sana na haliipandishi sukari kwa haraka. Dona na ulezi ni bora kuliko sembe, ingawa tofauti hiyo inafutika mtu akijiambia kwamba kwa kuwa ni dona basi aongeze bonge.

Vinywaji ndivyo vinavyopita bila kuhesabiwa: chai ya vijiko vinne vya sukari, togwa, uji uliotiwa sukari, juisi ya pasheni. Na katika msimu wa pichesi na mapeasi, mtu anayechuma na kula huku akitembea anaweza kumaliza matunda sita asikumbuke hata moja.

Hatua ya sita: Sukari inaposhuka

Chini ya 4 ni kushuka. Chini ya 3 ni hatari inayotaka hatua ya papo hapo. Dalili ni kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, kuona ukungu, hasira isiyo na sababu na kuchanganyikiwa. Huku kwetu kuna mtego: mtu anayetetemeka Njombe mwezi Julai hudhaniwa, na yeye mwenyewe hujidhania, kuwa ni baridi tu. Basi kumbuka kwamba baridi haitoi jasho. Anayetokwa na jasho usiku wa baridi, au anayetetemeka hata baada ya kujifunika, apime. Na kama hana stripu, atumie sukari bila kusubiri uhakika. Wanaotumia propranolol na dawa za kundi lake kwa ajili ya moyo au shinikizo la damu wanaweza wasitetemeke kabisa, na dalili yao kuu ikabaki jasho.

Tiba ni gramu 15 za sukari inayoingia haraka: vijiko vitatu vya chai vilivyojaa sukari katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, au kijiko kimoja cha chakula cha asali. Maziwa, parachichi, karanga na chokoleti havifai kwa dharura, kwa sababu mafuta yake huchelewesha sukari. Kaa chini, subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado iko chini ya 4, rudia kiasi kile kile. Ikishapanda, kula kipande cha mkate au kiazi ikiwa mlo unaofuata uko mbali, au kula mlo wenyewe kama saa yake imefika.

Dakika hizo 15 ni ngumu kuliko zinavyoandikwa, kwa kuwa ubongo uliokosa sukari unadai kula kila kilichoko jikoni. Ndiyo maana nashauri sukari ya dharura ipimwe mapema, ifungwe kwenye vifuko vya vijiko vitatu vitatu, na kifuko kimoja kikae mfukoni, kingine kitandani na kingine kwa mwenzako wa kazi. Anayekula kifuko ana kikomo, lakini anayefungua kopo la sukari hana.

Anayeendesha bodaboda, gari au mashine asirudi kazini mpaka sukari ivuke 5 na dakika 45 zipite, kwa sababu akili hurejea baadaye kuliko namba.

Watu wa nyumbani wafundishwe mambo mawili. Kwanza, mgonjwa anayepepesuka na kuongea ovyo asidhaniwe kuwa amelewa au amepagawa. Apewe sukari kwanza, maswali baadaye. Pili, aliyepoteza fahamu au anayeshindwa kumeza asimiminiwe kitu mdomoni. Alazwe ubavu, asichomwe insulini, na apelekwe hospitali mara moja. Ikiwa familia imepewa glukagoni, yaani dawa ya dharura ya kupandisha sukari, na kufundishwa kuitumia, huo ndio wakati wake.

Baada ya hali kutulia, rudi kwenye karatasi yako ya vilele na ujiulize: chakula kilichelewa, kazi ilizidi, dozi ilirudiwa, au pombe iliingia? Kama kushuka kumetokea mara mbili katika saa zile zile, wasiliana na kliniki mapema kuhusu kupunguza dozi inayohusika. Usingoje tarehe ya kadi.

Hatua ya saba: Sukari inapopanda

Namba ya 16 haihitaji taharuki, inahitaji maswali. Je, sindano ilisahaulika? Chupa ni nzima? Umechoma kwenye uvimbe? Kuna homa, jino bovu, kikohozi cha muda mrefu, maumivu wakati wa kukojoa? Umeanza dawa za pumu au mzio zenye steroidi? Kunywa maji, na ufuate maelekezo ya dozi ya nyongeza ikiwa tu kliniki imekupa. Kosa kubwa hapa ni kurundika sindano: insulini ya muda mfupi iliyochomwa saa 2 zilizopita bado inafanya kazi, na ukiongeza nyingine juu yake zote mbili zitakukuta baadaye kwa pamoja.

Asubuhi iliyo juu ina sura mbili zinazofanana. Mwili wa kila mtu hutoa homoni karibu na alfajiri ambazo hupandisha sukari, na kwa mgonjwa ambaye insulini ya usiku imeisha nguvu, ongezeko hilo huonekana wazi. Lakini pia mtu anaweza kuwa ameshuka usiku bila kuamka, ini likamwaga akiba yake, akaamka na 13, kichwa kinauma na shuka zimelowa jasho. Wa kwanza huenda anahitaji insulini zaidi au saa tofauti ya sindano. Wa pili anahitaji kupunguziwa. Njia ya kuwatofautisha ni kupima saa 9 usiku kwa siku mbili au tatu. Ni kero kuamka katika baridi ile, lakini kuongeza dozi ya usiku bila kipimo hicho ni kucheza na maisha.

Siku ya ugonjwa ina sheria moja isiyovunjwa: usiache insulini kwa sababu huli. Malaria, kuhara au kichomi huweza kupandisha sukari hata kwa tumbo tupu, na mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiacha sindano mwili huanza kuyeyusha mafuta na kujaza damu tindikali. Pima kila baada ya saa 4, kunywa maji mara kwa mara, na kama chakula hakipiti, kunywa uji mwembamba au soda kidogo kidogo. Kutapika kusikokoma, maumivu ya tumbo, kupumua haraka na kwa kina, pumzi yenye harufu ya matunda yaliyoiva sana, usingizi mzito, au ketoni (ndiyo tindikali hiyo) nyingi kwenye mkojo: yoyote kati ya haya ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Anayeishi mbali, kama vile ndani ya Makete au Ludewa, ambako barabara za masika hazitabiriki, aondoke kungali mapema na asingoje kuona kama kutakucha vizuri.

Hatua ya nane: Kazi ya jembe na safari

Kulima kunashusha sukari wakati wa kazi na kunaendelea kuishusha hadi saa 24 baadaye, misuli inapojaza akiba yake. Kwa hiyo Novemba na Desemba, watu wanapotifua na kupanda, dozi za miezi ya mapumziko huweza kuwa kubwa mno. Zungumza na kliniki kabla ya msimu. Pima kabla ya kwenda. Ukiwa chini ya 5, kula kwanza; ukiwa juu ya 14 na hujisikii vizuri, au una ketoni, usiende. Kula kitu kidogo kama kiazi au ndizi kila baada ya saa moja ya kazi nzito, beba kifuko cha sukari, na usilime peke yako mahali ambapo hakuna anayekusikia. Usiku wa siku hiyo pima kabla ya kulala, na ukiwa chini ya 6 kula kidogo.

Kwenye safari ya Mbeya kwenda Dar es Salaam, ambayo ni zaidi ya kilomita 800, basi linaweza kukwama mteremko wa Kitonga kwa saa nyingi, na dereva asiwe na haraka ya kufika hotelini. Usichome sindano kwa kutegemea kwamba kituo cha chakula kiko karibu. Choma chakula kikiwa mikononi mwako. Beba mlo wako na akiba ya insulini maradufu, vyote ndani ya mkoba wa mkononi.

Pombe, mfungo na moto wa jikoni

Pombe hulizuia ini kutoa sukari yake ya akiba, na athari hiyo hufika hata asubuhi ya siku inayofuata. Ulanzi mtogwa, yaani pombe ya mianzi ikiwa bado mbichi, hupandisha sukari kwa utamu wake, na ulanzi mkangafu, yaani uliochacha, huweza kuishusha usiku. Anayechanganya vyote viwili hana namna ya kukisia. Kama unakunywa, kunywa kidogo, ukiwa umekula, na mtu aliye karibu ajue unatumia insulini.

Mfungo wa Ramadhani au wa kanisani uzungumzwe na kliniki wiki kadhaa kabla. Aliyeshuka vibaya hivi karibuni, mjamzito na mwenye matatizo ya figo wasifunge.

Wengi huku huota moto jioni wakiwa wamenyosha miguu jikoni. Kisukari cha muda mrefu huua hisia za nyayo, na miguu isiyohisi huungua bila kuuma. Kidonda kinagunduliwa kesho yake. Tumia soksi za sufu, pima joto la maji ya kuoga kwa kiwiko, kagua ndani ya buti kabla ya kuvaa, na tazama nyayo kila jioni.

Hatua ya mwisho: Kliniki na akiba ya dawa

Nenda na daftari, mashine, chupa unayotumia na swali moja lililoandikwa, kwa sababu kwenye foleni ndefu swali lisiloandikwa husahaulika. Muonyeshe anayekuhudumia mahali unapochoma, hata kama hajaomba. Uliza juu ya kupimwa macho, figo, miguu na shinikizo la damu angalau mara moja kwa mwaka.

Akiba ihesabiwe kwa uniti. Chupa ya mililita 10 ina uniti 1,000. Anayetumia uniti 30 kwa siku ataimaliza kwa siku 33 katika hesabu, lakini wiki 4 za kufunguliwa zitakuwa zimeshapita, hivyo apange chupa moja kwa kila siku 28. Anayetumia uniti 50 ataimaliza kwa siku 20. Chupa ya akiba ambayo haijafunguliwa iwepo nyumbani wakati wote, na siku unayoifungua ndiyo siku ya kuanza kutafuta nyingine, hasa kuanzia Desemba hadi Aprili, gari la kwenda mjini linapoweza kukosekana kwa siku kadhaa.